Picha Zinazorukaruka
Mazungumzo mbele ya wanachama, Naivasha

(Wanachama wengi walikuwa zamu siku ya mkutano. Kwa sababu hiyo tumepiga chapa maneno haya ili nao wayasome, na wakisha wampe mwenzao.)



Leo hatukuja kusema juu ya mishahara. Tumekuja kusema juu ya kamera. Baadhi yenu mtacheka na kuuliza, kamera ina nini na chama? Ngojeni kidogo. Siku hizi hapa Naivasha kamera ni nyingi kuliko taa. Ziko stesheni, ziko kwenye mabohari, ziko kwenye mashamba ya maua kandokando ya ziwa, na tangu mwaka 2019, reli mpya ilipofika upande wa Mai Mahiu na Suswa na bohari la makontena likafunguliwa, zimezidi. Kila mtu hapa hupita mbele ya kamera mara nyingi kwa siku. Siku ikiwa njema, hakuna anayezitazama picha hizo. Lakini siku mali ikipotea, picha zile hugeuka shahidi. Na shahidi yule akiwa na kigugumizi, anayeumia ni mfanyakazi.

Tuwasimulie jambo lililotupata. Mahali hatupataji, wala mtu hatumtaji. Mwenzetu mmoja alikuwa mlinzi wa lango la nyuma. Asubuhi moja mapipa ya mafuta yakahesabiwa, yakapungua 16. Wakubwa wakafungua rikoda, ndiyo mashini inayoweka picha za kamera, wakatazama usiku ule. Ilipofika saa saba na robo usiku wakaona lori limesimama ndani ya lango. Mara picha ikaganda. Ilipoendelea tena, sekunde 40 zilikuwa zimepita, na lori lilikuwa nje, lango limefungwa. Sekunde 40 si kidogo. Mtu wa miguu kwa muda huo huenda zaidi ya mita 50. Sasa katika sekunde zile mlinzi alipaswa kufunua turubai na kutazama mzigo. Je, alitazama? Picha haisemi. Wakubwa wakasema: hakutazama, tena alivuta waya wa kamera ili asionekane. Wakamsimamisha kazi, wakampa barua aje kujieleza.

Mwenzetu akaja kwetu na barua yake mkononi. Ana watoto wanne. Alituambia neno moja tu: "Waya ule sijaugusa hata siku moja."

Ndugu, tungeweza kupiga kelele mlangoni. Lakini kelele hazitengenezi picha. Tukasema, tujifunze kwanza mashini hii inafanyaje kazi na kwa nini picha zake hurukaruka. Tukawauliza mafundi, tukasoma, tukajaribu. Haya ndiyo tuliyojifunza, nasi tunayasema kwa lugha ya reli, maana ndiyo tunayoijua.

Kwanza, picha inayotembea si kitu kimoja. Ni picha nyingi zinazofuatana upesi, kama vile mabehewa. Kamera nyingi huweza kupiga picha 25 kila sekunde, ingawa kwa kulinda lango 12 au 15 hutosha. Picha hizo hupita katika waya, hufika kwenye kisanduku kiitwacho swichi, ambacho ni kama jankisheni, kisha huenda kwenye rikoda na kuwekwa ndani ya diski. Basi kuna njia, kuna jankisheni, na kuna ghala. Treni ikichelewa hatumlaumu dereva kabla ya kuuliza ilichelewa wapi. Na kamera ni vivyo hivyo.

Pili, si kila picha inayotumwa ni picha nzima. Ili kupunguza mzigo, kamera hutuma picha moja kamili, halafu zinazofuata hueleza mabadiliko tu. Ni kama daftari la stesheni: asubuhi karani huandika mabehewa yote yaliyopo uwanjani, kisha mchana kutwa huandika lililoingia na lililotoka tu. Ukipoteza ukurasa wa asubuhi, maandishi ya mchana hayakusaidii. Hali kadhalika kipande cha picha kikipotea njiani, picha huganda au huvurugika hata picha kamili nyingine ifike. Ikiwa kamera imewekwa kutuma picha kamili kila sekunde moja au mbili, madhara ni madogo. Ikiwa imewekwa kukaa sekunde nyingi ili kuokoa nafasi, basi kosa dogo hula sekunde nyingi.

Sasa tuje kwenye kuchunguza. Swali la kwanza ni hili: picha inarukaruka wapi? Simama mbele ya skrini ya rikoda yenyewe, tazama picha ya sasa hivi, kisha tazama ya jana. Yako mambo matatu.

Ikiwa picha ya sasa ni laini, lakini iliyohifadhiwa inaruka, basi kamera na waya ni wazima. Kosa liko kwenye diski au katika namna rikoda ilivyopangwa. Pengine imepangwa kunasa pale tu kitu kinapotikisika. Rikoda kama hiyo hulala, huamka, hulala tena, na mwanzo wa tukio hupotea. Huo si ubovu, ni mpango, wala mtu asishtakiwe kwa ajili yake. Au pengine diski imechoka. Diski ya kamera huandikwa usiku na mchana bila kupumzika. Ukiweka diski iliyotengenezwa kwa mashini ya ofisini, haidumu. Rikoda nyingi zina ukurasa unaoonyesha afya ya diski, na fundi aufungue.

Ikiwa picha ya sasa nayo inaruka hapo hapo kwenye rikoda, basi kosa liko kwa kamera, au waya, au swichi, au umeme.

Na ikiwa kwenye rikoda picha ni laini, lakini inaruka kwenye simu ya mkubwa aliye Nairobi, basi kosa ni la intaneti au la simu yake. Ushahidi wenyewe ni mzima. Tena picha ikinakiliwa na kuchezwa katika kompyuta ya zamani, yaweza kurukaruka kwa sababu kompyuta haina nguvu ya kuifungua upesi. Ijaribuni katika kompyuta nyingine kabla ya kusema neno.

Tuchukue waya. Waya wa namna hii wa kamera una mwisho wake, nao ni mita 100 toka swichi hata kamera. Mtu akizidisha, huenda ikafanya kazi mchana, ikamsaliti usiku. Tena kuna waya wa bei rahisi ambao ndani yake ni aluminiamu iliyopakwa shaba kwa juu. Huo hupitisha umeme vibaya kuliko shaba tupu. Na hapa kwetu kuna vumbi la Longonot wakati wa kiangazi na umande wa ziwa alfajiri. Vyote viwili huingia katika kichwa cha waya kisichofunikwa vizuri, na shaba hugeuka kijani.

Tuchukue umeme. Kamera nyingi hupata umeme kupitia waya ule ule wa picha. Kwa utaratibu wa kawaida, swichi hutoa wati 15.4 kwa kila kamera, na zinazohakikishwa kufika mwisho wa waya ni wati 12.95. Mchana kamera hula kidogo. Jua likizama, huwasha taa zake zisizoonekana kwa macho ili ione gizani, na hapo njaa yake huongezeka. Waya ukiwa mrefu au mbovu, umeme hautoshi. Kamera huzimika, hujiwasha upya, na kujiwasha huchukua nusu dakika au zaidi. Kwenye rikoda utaona picha imeganda kisha imeruka. Hakuna mtu aliyegusa kitu.

Sisi hapa tunakaa jirani na Olkaria, mvuke wa ardhini unakotoa umeme, na bado umeme hukatika. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya nchi nzima ilikuwa gizani. Kwa hiyo rikoda isiyo na betri ya akiba ni rikoda yenye mapengo. Umeme unaokatika ghafula huumiza diski pia, na saa ya rikoda hupotea. Saa ikipotea, picha ya saa nane itaandikwa saa saba, na mtu aliyekuwa nyumbani kwake ataonekana yu kazini. Kabla ya kuamini picha, linganisheni saa ya rikoda na saa iliyo sahihi, muandike tofauti yake.

Tuchukue jankisheni. Tuseme kamera 16, kila moja inatuma megabiti 4 kwa sekunde. Jumla ni 64. Waya wa megabiti 100 toka swichi kwenda kwenye rikoda utazipitisha. Fundi akiongeza uzuri wa picha, kila kamera itume megabiti 8, jumla ni 128. Hapo ni kama kupeleka treni nyingi mno katika njia moja isiyo na pa kupishana. Nyingine zitangoja, nyingine zitatupwa. Rikoda nayo ina kiasi chake cha kupokea. Dawa yake si ngumu: punguza idadi ya picha kwa sekunde, au punguza ukubwa, au weka njia pana zaidi.

Tuchukue ghala. Hesabu hii, ndugu, iandikeni katika vitabu vyenu, maana ndiyo iliyomwokoa mwenzetu. Kamera inayotuma megabiti 4 kwa sekunde hujaza nusu megabaiti kila sekunde. Kwa saa moja ni megabaiti 1,800. Kwa siku ni gigabaiti 43 na kidogo. Kamera 16 hujaza karibu gigabaiti 690 kwa siku. Diski ya gigabaiti 4,000 itajaa kabla ya siku 6 kwisha. Ikijaa, rikoda haiulizi mtu, huanza kufuta za zamani na kuandika mpya juu yake. Basi anayengoja wiki moja kwa adabu hukuta shahidi wake amekwisha kufa.

Sisi tulifika siku ya nne. Tukaandika barua siku ile ile: hifadhini picha za lango la nyuma, si za usiku ule tu, bali za usiku wote zilizomo. Karani mmoja akatushangaa, "Mnataka usiku mwingine wa nini?" Tukamjibu: mtu anayesema waya ulivutwa na fulani, sharti aone kama waya huvutwa na siku ambazo fulani hayupo.

Na hapo nusura tuharibikiwe. Fundi aliitwa kutengeneza, naye, bila nia mbaya, akasema rikoda hii ina matatizo, dawa ni kusafisha diski ianze upya. Ndugu, kusafisha ni kufuta kila kitu. Tukamwomba, kwanza nakili, halafu safisha. Akakubali. Tukasimama pale hata nakala ikaisha.

Tukatazama. Mchana wote picha ilikuwa laini kama maji ya mtungini. Jua lilipozama, ikaanza. Mara nne au tano kwa usiku picha iliganda, ikaruka, mara sekunde 35, mara 40, mara 45. Ikafanya hivyo usiku mwenzetu alipokuwa zamu. Ikafanya hivyo pia siku mbili alipokuwa amelala kwake Kihoto. Je, alivuta waya akiwa kitandani?

Fundi akapima waya. Ulikuwa mita 130. Kichwa chake kule juu ya nguzo kilikuwa kijani. Akaleta swichi ndogo karibu na lango, akakata waya, akaweka kichwa kipya, akakifunika. Usiku ule picha haikuruka hata mara moja.

Tena kulikuwa na jambo jingine, dogo kwa kuliona. Mlinzi huyu alikuwa na mazoea ya kuandika. Katika kitabu cha matukio cha langoni, wiki mbili kabla ya mapipa kupotea, aliandika kwa mkono wake kwamba skrini inaganda usiku. Akaandika tena siku tatu baadaye. Hakuna aliyesoma. Lakini wino ulikuwepo, pamoja na tarehe.

Siku ya kusikilizwa tulikaa naye. Shtaka la kuvuta waya likaondolewa. Shtaka la kutotazama mzigo likakosa shahidi. Siku ya 12 akarudi kazini. Mapipa hatujui yalikokwenda, wala hatutasema tunajua. Hapa tuwe waaminifu, ndugu: picha mbovu haimthibitishi mtu kuwa mwizi, lakini haimthibitishi kuwa mwema pia. Sekunde 40 zisizoonekana ni sekunde 40 zisizoonekana, basi. Chama hakilindi wezi. Chama kinasema tu kwamba pengo la mashini lisijazwe kwa jina la mfanyakazi.

Sheria nayo iko. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinasema kwamba kabla ya mwajiri kumwachisha mtu kwa kosa la nidhamu, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na mtu huyo ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, na maneno yao yasikilizwe. Kifungu cha 43 kinamtaka mwajiri athibitishe sababu za kumwachisha. Na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, kifungu cha 26, inampa mtu haki ya kujua habari zake zinatumiwaje na haki ya kuziona. Sura yako ndani ya kamera ni habari zako. Kanuni za mwaka 2021 zinampa mwenye rikoda siku 7 kujibu ombi la namna hiyo. Lakini kumbukeni hesabu yetu ya diski: siku 7 ni nyingi kuliko siku 6. Kwa hiyo barua isiseme "tuonyesheni" tu. Iseme kwanza "hifadhini leo", halafu "tuonyesheni".

Basi tukiondoka hapa, twende na mambo haya.

Moja, ukiona skrini inaganda, andika katika kitabu cha matukio: tarehe, saa, kamera ya wapi. Usiseme kwa mdomo tu. Maneno hupeperuka.

Mbili, usipande nguzo wala kufungua rikoda wewe mwenyewe, hata kama unajua. Mkono wako ukionekana juu ya waya, umejifunga mwenyewe. Mwite fundi, na mwakilishi awepo.

Tatu, mwenzako akishtakiwa kwa picha, barua ya kuhifadhi iandikwe siku ile ile. Omba usiku uliotangulia na uliofuata pia, na zamu za watu wengine.

Nne, nakala iwe ile iliyotoka ndani ya rikoda yenyewe. Picha iliyopigwa kwa simu mbele ya skrini si nakala. Simu nayo huongeza kuruka kwake.

Tano, kabla ya kusafisha diski, nakili kwanza. Hili waambieni mafundi wote mnaowajua.

Sita, katika mikutano yetu na wakubwa, tuombe kamera zikaguliwe usiku, si mchana peke yake. Mchana zote ni nzuri. Hata wao watapata faida, maana kamera inayolala usiku haiwalindii mali yao.

Mtu mmoja alituuliza, je, si afadhali tuzikatae kamera kabisa? Sisi hatudhani hivyo. Kamera nzima ingalimwokoa mwenzetu siku ya kwanza, bila ya siku 12 za wasiwasi na watoto kuuliza baba mbona haendi kazini. Ingalionyesha kama alifunua turubai au hakufunua, na mambo yangalikwisha. Tunachotaka ni shahidi anayesema yote, kwa wakubwa na kwetu sawasawa.

Gadi wa treni hapeperushi bendera ya kijani kabla ya kutazama nyuma mpaka behewa la mwisho. Basi na wanaohukumu kwa picha watazame mpaka behewa la mwisho.

Umoja ni nguvu.